Rioja haisafiri kwa tangi: namna ya kuyajua maeneo ya mvinyo ya Hispania kwa kitabu na kwa safari

Tarehe 4 Aprili 2016, wakulima wa zabibu wa kusini mwa Ufaransa waliyasimamisha malori ya tangi yaliyokuwa yakitokea Hispania. Ilikuwa katika eneo la Le Boulou, kilomita chache kutoka mpakani. Walifungua mabomba, na mvinyo wa malori matano, lita zipatazo 70,000, ukamwagika barabarani. Madai yao yalikuwa kwamba mvinyo huo wa bei poa unaingia kwa wingi na kuua soko lao. Oktoba 2023 walirudi katika eneo hilohilo na kuharibu shehena nyingine.

Kwa msafirishaji, hiyo ni habari ya hasara na usalama wa mzigo. Kwa mfanyabiashara, kuna swali jingine: ndani ya matangi yale kulikuwa na mvinyo gani? Jambo moja ni la hakika, kwamba haukuwa mvinyo wa Rioja. Mvinyo wenye jina hilo hauruhusiwi kutoka kwao ukiwa kwenye tangi. Ni lazima utoke ukiwa ndani ya chupa, na sharti hilo lilifikishwa mpaka katika mahakama kuu ya Ulaya.

Anayeelewa kwa nini Rioja haisafiri kwa tangi, ilhali mvinyo mwingine wa nchi hiyohiyo husafiri hivyo kila siku, ameelewa sehemu kubwa ya biashara ya mvinyo wa Hispania. Elimu hiyo haihitaji chuo. Wengi wameipata kwa njia mbili za kawaida, yaani kusoma jioni nyumbani na kutembea wakati wa likizo. Makala hii inaeleza njia hizo na kile ambacho kila moja humfundisha mnunuzi.

Nchi yenye mizabibu mingi kuliko zote

Hispania ndiyo nchi yenye eneo kubwa zaidi la mizabibu duniani, zaidi ya hekta 900,000. Hata hivyo, kwa wingi wa mvinyo kwa kawaida inashika nafasi ya tatu, nyuma ya Italia na Ufaransa. Sababu ni ukame. Katika nyanda za ndani mvua ni haba, hivyo mizabibu hupandwa mbalimbali ili kila mmoja upate maji yake, na mavuno kwa hekta huwa madogo.

Aidha, takriban nusu ya mvinyo ambao Hispania huuza nje, kwa kiasi cha lita, huondoka bila kufungashwa kwenye chupa. Kwa maneno mengine, nchi hiyo inauza bidhaa mbili tofauti. Moja ni kinywaji kinachopimwa kwa lita na kushindana kwa bei. Nyingine ni jina la mahali, ambalo mnunuzi hulilipia zaidi ya kilichomo ndani ya chupa. Kosa kubwa la mwagizaji mgeni ni kulipa bei ya bidhaa ya pili na kupokea ya kwanza.

Somo la kwanza ni lebo

Kabla ya kununua kitabu chochote, chupa yenyewe ni kitabu. Sheria ya Hispania inaupanga mvinyo kwa ngazi, na ngazi hizo huandikwa kwenye lebo.

Chini kabisa ni Vino de España, ambao hauna jina la eneo, na zabibu zake zinaweza kutoka popote nchini. Juu yake ni Vino de la Tierra, wenye jina la eneo pana na masharti mepesi. Kisha kuna Denominación de Origen, kwa kifupi DO, yaani jina la asili linalolindwa kisheria. Ziko zaidi ya 60, na kila moja ina baraza lake linaloamua mipaka ya mashamba, aina za zabibu na kiwango cha mavuno. Ngazi ya juu zaidi, Denominación de Origen Calificada, inashikiliwa na maeneo mawili tu: Rioja, tangu mwaka 1991, na Priorat, ambayo serikali kuu iliitambua mwaka 2009. Pembeni ipo Vino de Pago, jina la shamba moja mahsusi.

Baada ya jina la eneo huja umri. Neno Crianza lina maana kwamba mvinyo mwekundu umetunzwa angalau miaka 2, Reserva miaka 3, na Gran Reserva miaka 5. Sehemu ya muda huo ni katika mapipa ya mwaloni, na muda uliobaki ni ndani ya chupa. Kwa Rioja, Crianza hukaa kwenye pipa si chini ya mwaka mmoja, wakati kiwango cha taifa ni miezi 6. Neno ni lilelile, lakini gharama aliyobeba mzalishaji si ileile. Mfanyabiashara anayelinganisha bei za Crianza mbili kutoka maeneo mawili inampasa alijue hilo kabla ya kulalamika kwamba mmoja anamlangua.

Jambo la tatu ni zabibu. Zabibu nyekundu maarufu ya Hispania ni Tempranillo, lakini hubadilisha jina kama msafiri mwenye pasipoti nyingi. Ribera del Duero huitwa Tinto Fino, La Mancha huitwa Cencibel, Katalunya huitwa Ull de Llebre, na ikivuka mpaka kuingia Ureno huitwa Tinta Roriz au Aragonez. Wakala anayetoa ofa ya "zabibu adimu" kwa jina la Cencibel anauza zabibu inayopandwa kwa wingi kuliko zabibu nyekundu zote za nchi hiyo.

Ramani kwanza, maelezo baadaye

Wanaoanza kusoma juu ya mvinyo mara nyingi hukimbilia vitabu vya kuonja, vilivyojaa maneno ya harufu na ladha. Kwa mtu wa biashara, ni afadhali kuanza na ramani. Kitabu cha ramani za mvinyo cha Hugh Johnson, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1971 na ambacho baadaye Jancis Robinson alijiunga kukiandika, kilipata sifa kwa sababu hiyo. Kinaonyesha milima, mito na miji, na msomaji anaanza kuona kwamba majina makubwa hayakuzuka hovyo.

Akiiweka ramani ya Hispania mezani, ataona kwamba karibu kila jina maarufu liko kando ya njia ya usafirishaji. Rioja iko kwenye bonde la mto Ebro, karibu na bandari ya Bilbao. Jerez iko kilomita chache kutoka bahari ya Cádiz. Maeneo ya Katalunya yana Barcelona. Kwa upande mwingine, La Mancha, yenye mizabibu mingi kuliko maeneo yote, iko katikati ya nchi, mbali na kila bandari. Uhusiano kati ya jina na barabara umo kwenye ramani, ingawa vitabu vya ladha huupita kimya.

Baada ya ramani, vitabu vya historia husaidia zaidi. Mwingereza Richard Ford alitoa mwaka 1845 kitabu cha mwongozo kwa wasafiri wa Hispania, na mwanasheria Julian Jeffs aliandika mwaka 1961 kitabu kizima juu ya mvinyo wa Jerez. Vitabu vya aina hiyo vinaeleza nani alikuwa akinunua, nani akisafirisha, na ushuru ulikuwa vipi. Lakini kama wasemavyo wahenga, kusikia si kuona. Yapo mambo ambayo kitabu huyataja kwa mstari mmoja, na mgeni hayaelewi mpaka afike.

Haro, mtaa uliojengwa kwa ajili ya reli

Mfano mzuri ni mji mdogo wa Haro, katika eneo la Rioja. Kitabu husema kwamba viwanda vya zamani vya mvinyo viko katika "Mtaa wa Stesheni". Mgeni anayefika hapo hugundua kwamba jina hilo si la mapambo. Viwanda vimepakana na reli yenyewe.

Sababu ni mdudu. Katika miaka ya 1860, filoksera, mdudu mdogo anayekula mizizi ya mizabibu, aliingia Ufaransa kutoka Marekani na kuanza kuteketeza mashamba. Wafanyabiashara wa Bordeaux walikuwa na wateja lakini hawakuwa na mzigo, na wakavuka mpaka kuutafuta. Reli kati ya Tudela na Bilbao ilikuwa imefunguliwa mwaka 1863, nayo ilipita Haro. López de Heredia ilianzishwa hapo mwaka 1877, na CVNE mwaka 1879. Mwaka 1882 Hispania na Ufaransa zilitia saini mkataba wa biashara uliorahisisha uingizaji, na mapipa yakavuka kwa wingi. Haro ikatajirika kiasi kwamba mwaka 1890 ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza ya Hispania kuwasha taa za umeme mitaani.

Neema hiyo ilikuwa na mwisho. Wafaransa walipanda upya mashamba yao kwa kutumia mashina ya Kimarekani yanayomstahimili mdudu, na mwaka 1892 wakapandisha ushuru. Soko likafungwa kwa kalamu. Mwaka 1899 filoksera akafika Rioja yenyewe. Waliosalimika ni wale ambao, wakati wa neema, walijifunza kutunza mvinyo kwenye mapipa ya lita 225 kwa mtindo wa Bordeaux na kuuza chupa zenye jina lao. Waliokuwa wakiuza mapipa tu kwa mnunuzi mmoja ng'ambo ya mpaka walibaki na mapipa. Mwaka 1925 Rioja ilipata jina la asili linalolindwa, la kwanza nchini.

Haro iko umbali mfupi kwa gari kutoka Logroño, mji mkuu wa eneo hilo. Karibu na hapo kuna Briones, wenye jumba kubwa la makumbusho ya mvinyo la familia ya Vivanco lililofunguliwa mwaka 2004, na Laguardia, mji wa kilimani ambao chini ya nyumba zake kuna mapango mengi ya kuhifadhia mvinyo. Kwa sababu ya mapango hayo magari yamezuiwa katika mitaa ya zamani, jambo ambalo kila dereva wa lori atalielewa bila kuelezwa.

Kesi ya tangi

Sasa swali la mwanzo linajibika. Rioja ilipojiandaa kuingia ngazi ya juu, masharti yalitaka mvinyo wake ufungashwe kwenye chupa ndani ya eneo lenyewe. Wanunuzi wa Ubelgiji waliokuwa wakiagiza Rioja kwa matangi na kuifungasha kwao waliona wamefungiwa mlango. Shauri linaloihusu kampuni ya maduka ya Delhaize lilifika katika Mahakama ya Haki ya Ulaya, na mwaka 1992 uamuzi uliwapa wanunuzi nguvu: kuzuia mvinyo kutoka kwa tangi ni kizuizi cha biashara huria.

Hispania haikulegeza. Ubelgiji ikaishtaki, na tarehe 16 Mei 2000 mahakama hiyohiyo ikatoa uamuzi tofauti. Ilikubali kwamba sharti hilo ni kizuizi kweli, lakini ni kizuizi chenye sababu. Sifa ya jina ni mali ya wazalishaji wote wa eneo, na mvinyo unaosafirishwa mbali kwa tangi unaweza kuharibika au kuchanganywa mahali ambapo wenye jina hawana macho. Wenye jina ndio wanaoumia, kwa hiyo wana haki ya kulisimamia mpaka kizibo kifungwe.

Kwa wasafirishaji uamuzi huo ulikuwa na gharama. Kontena la futi 20 lenye mfuko maalum wa plastiki hubeba lita 24,000 za mvinyo, ambazo zinatosha chupa 32,000 za mililita 750. Kontena hilohilo likipakiwa chupa kwenye makatoni hubeba takriban chupa 12,000 hadi 14,000, kutegemea kama mzigo umepangwa kwa pleti au kwa mkono. Kwa hiyo nauli ya kila lita ya Rioja ni zaidi ya maradufu ya nauli ya mvinyo wa tangi. Wazalishaji wa Rioja walipigana ili waendelee kulipa nauli kubwa zaidi. Walipiga hesabu wakaona jina lina thamani kuliko nauli.

Hofu yao haikuwa ya kubuni. Mwaka 2018 mamlaka za Ufaransa zinazopambana na udanganyifu zilieleza kwamba mamilioni ya chupa za mvinyo wa waridi wa Hispania, ulioingia kwa tangi, ziliuzwa mwaka 2016 na 2017 kana kwamba ni za Kifaransa. Mvinyo wa tangi hauna wa kuusemea ukishavuka mpaka.

Mto mmoja, majina mawili

Kutoka Rioja kuelekea kusini-magharibi msafiri hulikuta bonde la mto Duero. Eneo la Ribera del Duero lilipata DO yake mwaka 1982 tu, ingawa kiwanda cha Vega Sicilia kilikuwapo tangu mwaka 1864. Kwenye kitabu, mwinuko wa mita 750 na zaidi ni tarakimu. Kwa msafiri, ni baridi inayomfanya avae koti usiku baada ya mchana wa jua kali mwezi Septemba. Joto la mchana huivisha zabibu, na baridi ya usiku huhifadhi ukali wake, ndiyo maana mvinyo wa huko una rangi nzito na nguvu. Katika ngome ya Peñafiel kuna makumbusho ya mvinyo yaliyofunguliwa mwaka 1999, na chini ya mji wa Aranda de Duero kuna mapango ya kale ya kuhifadhia.

Mto huohuo ukivuka mpaka huitwa Douro na kumwaga baharini Porto. Baadhi ya zabibu ni zilezile na maji ni yaleyale, lakini upande mmoja umejenga jina la mvinyo mwekundu wa kawaida, na mwingine jina la mvinyo mtamu ulioongezwa kileo. Mpaka haukubadili kilimo, ulibadili soko.

Jerez ya Mpakani

Kusini kabisa, katika mkoa wa Cádiz, kuna mji unaoitwa Jerez de la Frontera, kwa Kiswahili "Jerez ya Mpakani". Ulikuwa mpakani kati ya tawala za Waislamu na za Wakristo. Waarabu waliuita Sherish, na mfalme Alfonso wa Kumi aliuteka mwaka 1264. Waingereza, wateja wake wakubwa kwa karne nyingi, walilichukua jina hilo la mji na kulitamka Sherry. Hata mto ulio jirani, Guadalquivir, kwa asili ni al-wadi al-kabir.

Hapa msomaji wa lebo anaweza kupotea, kwa kuwa chupa nyingi za Jerez hazina mwaka wa mavuno. Mapipa hupangwa kwa ngazi. Mvinyo wa kuuza hutolewa kwenye ngazi ya chini, nafasi yake hujazwa kutoka ngazi ya juu yake, na ya juu hujazwa kwa mvinyo mpya. Kila chupa ina mchanganyiko wa miaka mingi. Kitabu hueleza hivyo kwa michoro, lakini mgeni anayeingia kwenye ghala refu la dari ya juu, lenye giza na ubaridi wa upepo wa baharini, ndiye anayeona ni mtaji kiasi gani umelala pale bila kuuzwa.

Aina nyepesi, Fino na Manzanilla, hukua chini ya utando mweupe wa hamira na kufungashwa zikiwa na kileo cha asilimia 15 hivi. Hizi ni bidhaa za haraka: hazivumilii joto, na chupa ikifunguliwa huharibika ndani ya siku chache. Oloroso, yenye kileo cha asilimia 17 au zaidi, ni ngumu na huvumilia zaidi. Mwagizaji wa nchi ya joto anayechagua kati ya hizo mbili anachagua pia kiwango cha hatari bandarini.

Jerez ina funzo la uchungu kuhusu jina. Kwa miaka mingi watu wa nchi nyingine walitengeneza mvinyo wao na kuuita Sherry, na wenye jina wakakaa kimya. Walipokwenda mahakamani London, uamuzi wa mwaka 1967 ulikubali kwamba neno Sherry likiwa peke yake ni la Jerez. Lakini kwa kuwa walichelewa kulalamika, wengine waliruhusiwa kuendelea kuuza kwa majina kama "British Sherry" na "South African Sherry". Ni baada ya Hispania kujiunga na Jumuiya ya Ulaya mwaka 1986 ndipo mambo yalipogeuka, na tangu mwanzo wa mwaka 1996 jina "British Sherry" lilikoma.

Jambo hilo lilifika hadi kusini mwa Afrika. Katika mkataba wa mvinyo wa mwaka 2002 na Umoja wa Ulaya, Afrika Kusini ilikubali kuacha hatua kwa hatua kutumia majina Sherry na Port. Wazalishaji wa huko hawakulazimika kuacha kutengeneza kinywaji, walilazimika kutafuta jina jipya, na kulijulisha jina jipya kwa wateja ni gharama.

Cava na tatizo la jina lisilo la mahali

Wakatalani walipitia njia hiyo kutoka upande wa pili. Tangu mwaka 1872 walitengeneza mvinyo wa mapovu kwa njia ya Champagne, na kwa muda mrefu waliuuza kwa jina la kukopa. Mwaka 1960 mahakama ya Uingereza ilipiga marufuku jina "Spanish Champagne". Baadaye wakachagua jina lao, Cava, maana yake pango la kuhifadhia, ambalo lililindwa mwaka 1986.

Hata hivyo, Cava si jina la mahali. Sehemu kubwa hutoka Penedès, lakini sheria inaruhusu itengenezwe pia katika maeneo ya mbali na hapo. Wazalishaji wa ghali waliona jina lao linashushwa na chupa za bei ya chini, na Januari 2019 viwanda tisa vilijitoa na kutumia jina Corpinnat. Tofauti hii ni rahisi kuiona kwa macho: treni ya mjini Barcelona hufika Sant Sadurní d'Anoia kwa muda usiofika saa moja, na kiwanda kikubwa cha Freixenet kiko kando ya stesheni.

Kusini zaidi ya hapo kuna Priorat, milima ya mawe meusi ya tabaka ambayo wamonaki wa Escaladei waliilima tangu karne ya 12. Baada ya filoksera watu walihamia viwandani na matuta yakaachwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kikundi kidogo, akiwemo René Barbier na Álvaro Palacios, kilifufua mashamba ya zamani. Mgeni anayepanda matuta hayo kwa miguu haulizi tena kwa nini bei iko juu. Hakuna trekta inayopita, na mavuno kwa kila mzabibu ni kidogo.

La Mancha, wingi unaotafuta jina

Msafiri asiishie kwenye majina makubwa tu. Jimbo la Castilla-La Mancha lina karibu nusu ya mizabibu ya Hispania. Ukitoka Madrid kwa basi kuelekea kusini, unaona mizabibu mifupi iliyoinama ardhini, mingi ikiwa ya zabibu nyeupe iitwayo Airén, mpaka macho yanachoka. Huko ndiko chanzo kikubwa cha mvinyo wa matangi, na mashirika ya ushirika ya wakulima ni makubwa kama viwanda vya saruji.

Ubora si tatizo kuu tena, kwa kuwa matangi ya chuma na mitambo ya kupoza yameboresha mvinyo wa huko sana. Tatizo ni kwamba mkulima anauza lita, na mwenye kuuza lita hupangiwa bei na mwenye kununua. Hata hivyo, ni katika jimbo hilohilo ambako jina la Vino de Pago lilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Baadhi ya wenye mashamba waliona njia pekee ya kutoka kwenye tangi ni kupata jina la shamba lenyewe.

Kupanga safari

Raia wa Tanzania na Kenya wanahitaji viza ya Schengen, na viza hiyohiyo humwezesha kufika Ufaransa na Ureno. Aliyezoea Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, akumbuke kwamba Hispania huvuna mara moja, kwa kawaida kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba. Wakati wa mavuno kuna mengi ya kuona lakini wenyeji wana kazi nyingi. Masika yao, Aprili hadi Juni, ni wakati mzuri wa mazungumzo. Viwanda vingi havipokei mgeni asiye na miadi, hivyo ni muhimu kuandika mapema.

Wiki moja isigawanywe kwa maeneo matano. Ni bora kuchagua mawili yanayotofautiana, kwa mfano Rioja na La Mancha, au Jerez na Penedès, ili kulinganisha jina na wingi. Anayeonja viwanda vitatu kwa siku asiendeshe gari, na ajue kwamba wanunuzi wenyewe hutema, wala si utovu wa adabu.

Maswali ya kuuliza kiwandani ni yale ya kazi: Nani anafungasha? Mvinyo ulikaa wapi na kwa muda gani? Nani mwenye jina lililoandikwa kwenye lebo? Mzigo hupakiwa mwezi gani? Swali la mwisho si dogo. Kontena linalosubiri siku kumi kwenye jua la bandari yetu linaweza kuupika mvinyo mzuri, na lebo haitaonyesha lolote.

Kabla ya kutuma fedha

Kwa kifupi, mwagizaji aangalie mambo manne: ngazi ya jina, yaani kama ni DO au Vino de España tu; eneo lenyewe kwenye ramani; muda wa kutunzwa kwa kanuni za eneo hilo; na jina la aliyefungasha, ambalo lebo hulitaja baada ya neno Embotellado. Ofa ya "Rioja" kwa tangi si ofa rahisi, ni ofa ya uongo.

Hata kwa mfanyabiashara asiyegusa kileo, historia hii inamhusu. Haro iliponea kwa sababu baadhi ya watu wake walitumia miaka ya neema kujenga jina, na Jerez ilipoteza miongo mingi kwa kunyamaza jina lake likichukuliwa. Kila anayevusha mpaka gunia la kahawa au la karafuu lisilo na jina la lilikotoka yuko mahali walipokuwa wale wenye mapipa mwaka 1892: bei yake iko mikononi mwa mnunuzi, na soko lake liko mikononi mwa anayepanga ushuru.